Mistari ya Fagio la Mama Félicité

Mama Félicité wa Dzalo alikuwa anafagia kinyumenyume. Wanawake wengine wa kijiji walianzia mlangoni, wakasukuma taka mpaka barabarani, halafu wakarudi wakikanyaga kazi yao wenyewe. Yeye hapana. Alianzia kule kwenye jiwe jeupe la mpaka, jioni kabla jua halijazama, akarudi nyuma polepole, mgongo ukiongoza, mpaka kizingiti cha nyumba yake. Akaingia kwa kisigino, akafunga mlango. Nje kilibaki kiwanja chekundu chenye mistari mitupu, kama kichwa cha msichana aliyetoka kusukwa sasa hivi, bila unyayo hata mmoja.

"Asubuyi nikiamuka," alikuwa anasema, "nitajua nani alipita kwangu usiku."

Na kwa kuwa alitumia mkono wa kushoto, mistari yake ililalia upande ambao mistari ya watu wengine hailalii. Kila mstari ulifunika kidogo ule uliotangulia, kama vigae, hivyo mtu aliyemzoea aliweza kuona alikoanzia na alikoishia. Anastasie, binti yake mkubwa, alilelewa juu ya mistari ile. Angeitambua popote.

Fagio lenyewe lilikuwa la vijiti vigumu, mpini mrefu kuliko wa jirani yeyote, umezungushiwa kipande cha kitenge chekundu mahali pa kushikia. Lilikuwa na sheria yake. "Utahama na sufuria, utahama na mbuzi," mama Félicité alisema, "lakini fagio haihamaka. Inabakia kuchunga mulango. Siku nitakufa, mutaizika na miye."

Siku watu wa Dzalo walipokimbia vita, Anastasie alimvuta mama yake mkono mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Mama alikaa kizingitini, fagio mapajani.

"Muende," alisema. "Miye nitafagia. Mukirudi mukute kiwanja."

Tangu hapo kiangazi kimekuja na kwenda, kikaja tena. Anastasie sasa anakaa Bunia, mtaa wa Shari, katika nyumba ndogo ya kupanga, anauza ndagala, dagaa wakavu, mbele ya barabara. Habari za mama hakuna. Mmoja anasema alimwona akichota maji. Mwingine anasema Dzalo hakuna tena mtu wala paa, ni majani tu. Kushuka kule bondeni kwenda kuangalia haikuwezekana. Waliojaribu, wengine hawakurudi.

Ndipo noko Aaron, kaka wa mama, mkubwa wa familia, akaita watu wake na kusema imetosha. Watafanya matanga siku ya Jumamosi, hata bila mwili. Mfu asipoliliwa, alisema, familia inakaa mlango wazi. Watoto wanaugua, ndoa zinavunjika.

Anastasie aliinua mkono. "Noko, na kama anapumua? Kumulilia mutu anapumua ni kumusukuma mu shimo. Weye mwenyewe ulitufundisha ile."

Ilikuwa kweli, na ilikuwa mbaya pande zote mbili. Mama akiwa amekufa na hawajamlilia, wanamkosea. Akiwa hai na wakamlilia, wanamuua. Aaron akasema basi, nitawapa mpaka Jumamosi. Mutafute njia ya kujua.

Njia Anastasie aliikumbuka usiku ule akigeuka kitandani. Kwenye ndoa moja pale Shari alikuwa ameona kile kidege cha kamera, drone, kinachovuma kama nyuki juu ya vichwa vya waalikwa. Mwenye nacho alikuwa Priscille Vahwere, msichana wa Butembo aliyehamia Bunia na wazazi wake, mpiga picha za ndoa na ubatizo, mcheshi, mwenye suruali ya mifuko mingi.

"Mama, kile kinaweza kuvuka bonde," Priscille alimwambia. "Kufika kinafika. Shida ni macho." Akatoa simu yake. Kioo kilikuwa kimepasuka kama utando wa buibui, na nusu ya chini ilikuwa nyeusi. "Picha ya drone naiona mu hii. Mu jua kali hata sura yangu siione. Nilikuwa natafuta tableti, lakini ya bei ya mutu maskini. Musaidie kuongeza kidogo, nitawapelekea bure."

Hivi ndivyo Anastasie alivyojikuta siku ya soko katika duka la Marcellin, mwanaume mnene mwenye sauti laini, akichagua kitu ambacho hajawahi kukishika.

Marcellin alianza na ile iliyokuwa kwenye katoni mpya. "Tantine, hii ni moto. Angalia namba ziko juu ya katoni! Memoire kama bahari."

"Bahari ya katoni," Priscille alisema. Akaiwasha, akajaribu kuweka programu ya kurushia drone. Tableti ikafikiri, ikafikiri, ikakataa. Akaitoa nje juani: kioo kikawa kama sahani ya maji machafu.

Ya pili ilikuwa kubwa, nzuri, ya jina linalojulikana, imetumika. Anastasie aliipenda kwa uzito wake. Lakini ilikuwa ya zamani mno, programu ilidai kitu kipya zaidi, na Priscille akasema tena, "Na hii nikiishika pamoja na manette ya kuongozea drone, mikono itakufa kabla ya betri. Nahitaji ndogo, ya pouces huit, inchi nane, isipite."

"Weye unatafuta tableti ao bwana?" Marcellin akauliza. "Kila moja iko na kosa!"

"Bwana ningemuchukua bila kumujaribu mu jua. Tableti, hapana."

Wakacheka wote, hata Anastasie, ambaye hakuwa amecheka siku nyingi.

Ya tatu ilitoka chini ya meza. Mgongo umekwaruzwa, kona moja imemenyeka. Ilikuwa ndogo, nyepesi. Programu ikafunguka. Waya wa manette ukaingia vizuri. Priscille akazima mtandao, akafungua ramani, na kale kadoa ka buluu kakasimama palepale walipokuwa wamesimama; akasema vizuri, ina GPS yake mwenyewe, ukipotea haikupotezi. Halafu akaipandisha mwangaza mpaka mwisho na kumpa Anastasie. "Mama, weye njo utaangalia. Toka nayo mu jua, uniambie."

Anastasie akatoka. Kwenye kioo palikuwa na picha ya watu wa ndoa wamesimama uwanjani. Jua la saa sita lilikuwa linampiga utosini. Aliona nyuso, akaona hereni, akaona hata alama za viatu kwenye mchanga nyuma ya bibi harusi.

"Hii," alisema. "Hii inaonyesha."

Ruhusa waliomba kwa wakubwa wa usalama, kwa sababu siku hizi kitu kinachoruka si mchezo. Noko Aaron alizunguka na barua mpaka akaipata. Wakapanda kwa pikipiki mpaka kwenye mlima ambapo barabara inafikia, mahali ambapo unaona bonde lote la Dzalo likiwa chini kama bakuli. Osée, mtoto mkubwa wa Anastasie, mwendesha pikipiki, ndiye aliyembeba mama yake. Kibano cha manette kilikuwa kidogo kwa tableti, basi Priscille aliifunga kwa ukanda wa chambre à air, mpira wa ndani wa gurudumu, akavuta mara mbili, akaitikisa. Haikuanguka.

Drone ikapanda, ikavuma, ikawa inzi, ikapotea. Kwenye kioo bonde likaanza kupita.

Dzalo ilikuwa imekwisha. Majani yalifika kwenye madirisha. Kanisa halikuwa na mabati, benchi zilionekana kutoka juu kama mbavu. Migomba imejiotea yenyewe katikati ya barabara. Anastasie alikuwa anataja majina ya wenye nyumba, kwa sauti ndogo, nyumba moja baada ya nyingine, na hakukuwa na moshi popote, wala kuku, wala kamba ya nguo.

"Kushoto," alisema. "Pita mukaratusi. Sasa shusha."

Priscille akashusha. Na pale, katikati ya majani ya urefu wa mtu, palikuwa na mraba mwekundu, safi.

Priscille akakaribia zaidi. Mistari ikatokea, mmoja mmoja, inalalia upande wa kushoto, toka jiwe jeupe mpaka kizingiti. Mlango umefungwa. Pembeni ya mlango, limeegemezwa ukutani, fagio la mpini mrefu, na juu ya mpini kipande chekundu.

"Ni yeye," Osée alisema. "Mama, ni koko, mama yako! Angalia, amefagia mpaka ndani!"

Anastasie alishika mdomo. Machozi yalitoka lakini moyo haukufurahi, na hakujua kwa nini. Aliangalia paa la jikoni. Lilikuwa limeanguka zamani, mti umeota ndani yake. Aliangalia ile njia ya kwenda mtoni. Ilikuwa imefungwa na majani, hakuna aliyeipita. Mtu anayeishi anapika, anakunywa. Anatupa maganda.

Tableti ikalia: betri ya drone inaisha. Priscille akaigeuza. Ilipotua, alibadilisha betri, akafuta kioo kwa shati, na wakati ule wote hakuna aliyeondoa macho bondeni, ingawa kwa macho ya kawaida Dzalo ilikuwa rangi ya majani tu.

Drone ikarudi. Mukaratusi, kushoto, chini.

Fagio halikuwepo.

Mlango bado umefungwa vilevile. Lakini kiwanja kilikuwa kimefagiwa upya, na Anastasie alipoinama juu ya kioo aliona mistari imegeuka. Sasa kila mmoja ulifunika ule wa upande wa nyumba. Ilianzia kizingitini. Ilifika kwenye jiwe jeupe, na haikusimama pale. Ilipita, ikaingia kwenye njia ya mtoni, ile iliyokuwa imefungwa, na majani yalikuwa yamefunuka pande mbili kama nywele zilizogawanywa na kitana. Katikati ukanda mwekundu, wenye mistari, hakuna unyayo. Ulifika mtoni, pale pa kuvukia. Ulielekea upande wao, mlimani.

"Mutu iko wapi?" Priscille aliuliza. Alikuwa anaizungusha kamera huku na huku. "Mama, mutu anayefagia iko wapi?"

"Irudishe," Anastasie alisema.

"Tuangalie kidogo tena..."

"Irudishe, mutoto yangu. Tafazali."

Jioni noko Aaron aliangalia ile video kwenye tableti, akairudia, akapiga goti lake kwa furaha. "Dada yangu anaishi! Mufu anafagia? Hapana. Fagio haiko kwa sababu ameichukua, ameenda kuchota maji. Hakuna matanga. Jumamosi asubuyi Osée atashuka kumuchukua."

"Noko, kule hakushukwi," Anastasie alisema. "Unajua bale walishuka."

"Basi tumuache mama yako afagie peke yake mpaka lini?"

Angejibu nini? Kwamba moshi haukuwepo? Aaron alisema wazee hawapiki sana. Kwamba kwa muda mfupi namna ile hakuna mwanamke mzee anayeweza kufyeka na kufagia njia mpaka mtoni? Aaron alisema labda hukuangalia vizuri mara ya kwanza. Osée naye, kijana, damu ya moto, alimbembeleza mama yake kwa mzaha. "Mama, miye napita kati ya ma camion, malori makubwa, kila siku ya Mungu, njo niogope majani? Nitamuleta koko mugongoni, na fagio yake nitaifunga kwa carrier."

"Fagio haihamaka," Anastasie alisema bila kufikiri.

"Hii itahama," Osée akacheka, akaenda kupaka buti zake mafuta.

Ijumaa yote Anastasie aliomba. Hakuomba mama apatikane. Aliomba tu ajue, ajue kwa kweli, kabla mtoto wake hajateremka lile bonde. Akamwambia Mungu, na mwishoni, akikunja nguo, akamwambia mama mwenyewe kwa sauti, kama mtu anavyomwita aliye chumba cha pili: "Mama, kama ungali hai, nyamaza, nitamutuma Osée. Kama haungali, usiniachilie mutoto ashuke."

Akafunga mlango wa mbele kwa komeo, akalala upande wa nyuma.

Alfajiri alitoka kwa mlango wa jikoni kuwasha makaa ya chai ya Osée. Kulikuwa na ukungu mwembamba wa kiangazi, na mbwa wa Shari, ambao kila asubuhi wanagombana, walikuwa kimya. Alijaza birika, akazunguka nyumba ili kuchukua beseni lake la ndagala lililokuwa kibarazani.

Akasimama kwenye kona, mguu mmoja juu.

Kiwanja kilikuwa kimefagiwa. Toka langoni, ukuta hadi ukuta, mistari ile, inalalia kushoto, kila mmoja ukifunika ule wa upande wa lango. Ilikuja mpaka kibarazani. Ilipanda ngazi ya saruji. Mstari wa mwisho, mfupi, ule wa mkono unaojivuta, uliishia chini ya mlango wake wa mbele. Hapakuwa na unyayo.

Aliyefagia alikuwa ameingia ndani.

Anastasie alirudi kwa mlango wa jikoni. Ndani palikuwa na giza la kijivu na harufu ya udongo wa mto. Alipita chumba cha nyuma, akapita pazia. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kwa komeo kama alivyouacha. Na nyuma yake, limeegemezwa ukutani, mahali pa fagio, palikuwa na fagio la mpini mrefu. Kitenge kimefifia kidogo. Ncha za vijiti zilikuwa bado mbichi kwa maji.

Hakupiga kelele. Alikaa chini sakafuni mbele yake, kama mtu anayekaa na mgeni aliyechoka.

Osée alitoka chumbani, buti miguuni, kofia ya pikipiki mkononi. "Mama, chai..." Akaona. Akaangalia komeo, akaangalia fagio, akaangalia tena komeo. Kofia ikamponyoka ikabingirika mpaka chini ya meza.

"Koko alisemaka nini juu ya fagio yake?" Anastasie aliuliza.

Kijana alivuta kiti karibu. "Haihamaka."

"Na siku itahama?"

"Siku... siku batamuzika." Akakaa kwenye kiti, akaanza kufungua kamba za buti, taratibu, moja, halafu nyingine. Akazivua, akaziweka upande.

"Muite noko," Anastasie alisema. "Muambie haendi mutu bondeni. Muambie alete viti. Mama amekuya kuliliwa."

Kabla ya saa nne kiwanja kilikuwa kimejaa. Noko Aaron alipofika hakubisha. Aliligusa fagio kwa vidole viwili, akaondoa kofia yake, akawa mzee ghafla mbele ya watu. Walilifunga katika shuka jeupe jipya na kulilaza mahali pa mwili, wanawake wakalizunguka, na Anastasie akalia ile sauti aliyokuwa ameibana tangu siku kitambaa cha kichwa kilipoanguka. Walilia kweli, na hakuna aliyeogopa kumwua mtu.

Priscille alikuja kuchukua picha kwa ajili ya ndugu walioko Uganda. Alimkumbatia Anastasie; Osée alikuwa amemweleza langoni. Baada ya sala akarusha drone, akaipandisha juu ya mabati ya Shari ili watu wote waonekane. Halafu akasema, polepole:

"Mama. Kuya uone."

Anastasie akaenda, akainama juu ya tableti. Jua lilikuwa kali, lakini picha ilikuwa safi kama walivyoitaka. Watu kwenye kiwanja, viti vya plastiki, shuka jeupe. Lango. Na toka langoni, ukanda. Ulifuata pembeni ya barabara, ukapita mbele ya duka la unga, ukapita kisima, ukakata kona, ukaenda kaskazini mpaka kioo kilipoishia. Priscille akapandisha drone zaidi. Ukanda ukaendelea. Akapandisha tena. Ulikuwa unateremka kwenye upeo wa vilima, mwembamba kama uzi, na bado, hapa karibu, mistari ilionekana.

Watu walikuwa wanatembea juu yake. Pikipiki zilipita, vumbi lilipanda, likatua. Mistari ilibaki vilevile, bila alama ya gurudumu wala mguu, inalalia kushoto.

Dole gumba la Priscille lilikuwa kwenye kioo, linavuta mwangaza kushuka. Picha ikaanza kufifia. "Hii tableti," alinong'ona, "inaonyesha kupita kipimo."

Anastasie akashika mkono wake.

"Rudisha mwangaza, mutoto yangu," alisema. "Ametembea sana ule mama. Mutu mumoja angalie njia alipitia."